Udongo wa chini ya masale ndani ya injini ya Babu Aloyce: yaliyonikuta Kibosho nikipima clearance ya pistoni

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya. Nyuzi za mauzauza huwa naingia kwa ajili ya kubisha tu, na wapo wanaonikumbuka kwa swali langu la "ushahidi uko wapi?" Leo ni zamu yangu kuulizwa. Naandika nilichokiona kwa macho na kukishika kwa mkono. Pale ambapo sina maelezo, nitasema sina.

Nimesoma mechanical engineering. Nimekulia Moshi mjini, ila kihamba chetu kiko Kibosho, juu kabisa, kule ambako msimu wa baridi ukungu unashuka mpaka kwenye migomba na unashinda na koti mchana kutwa. Kwa wasiojua, kihamba ni shamba la ukoo la migomba na kahawa. Ndipo tunapoishi na ndipo tunapozikana.

Pale kihambani kuna pikipiki ya mashindano ya zamani. Single ya Kiingereza, yaani ya silinda moja, chuma kizito, mali ya Babu Aloyce, mdogo wake babu yangu mzaa baba. Enzi zake alikuwa anashindana nayo kwenye barabara za vumbi na alikuwa na jina.

Siku moja akiwa anashuka nayo, injini ilikamata ghafla. Gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, akaenda kugonga kingo za daraja. Akafa palepale.

Pikipiki ikafunikwa magunia kwenye banda la kahawa, na hakuna aliyeigusa tena.

Mpaka binamu yangu Florian alipoamua kuifufua. Florian anapandisha watalii mlimani, na akishuka hela yake yote inaishia kwenye pikipiki. Alikuwa amesikia kuna mbio za pikipiki za zamani huko tambarare, njia ya Chekereni, kwenye barabara za vumbi kando ya mashamba ya mpunga.

"Babu aliishia njiani," akaniambia. "Mimi naimalizia. Wewe jenga injini."

Naomba mlishike hilo. Mimi najenga, yeye anapanda. Nikikosea, si mimi nitakayeokotwa barabarani.

Sasa niwaeleze clearance, maana bila hiyo hamtanielewa.

Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda. Juu yake kuna valvu mbili zinazofunguka kwa kushuka chini. Kuna wakati pistoni inapanda huku valvu haijamaliza kufunga. Nafasi inayobaki kati yao ni ndogo sana. Ikikosekana, chuma kinagonga chuma, na kwa mwendo wa mashindano injini inakamata.

Pistoni tuliyoagiza nje ilikuwa ya racing, kichwa chake kirefu kuliko ile ya zamani. Kwa hiyo kupima ilikuwa lazima.

Unapima hivi: unaweka plastisini ile ya watoto wa chekechea juu ya pistoni, unafunga kichwa cha injini, unazungusha kwa mkono taratibu, kisha unafungua na kupima unene wa plastisini pale valvu ilipobonyeza. Basi.

Anayekaa pale nyumbani ni Shangazi Perpetua. Siku tuliyofunua magunia alisimama mlangoni mwa banda akiwa na kanga mbili na sweta.

"Kabla hamjafungua hicho chuma, mpelekeeni mwenyewe mbege kidogo. Shikeni na jani la sale, mumwombe."

Mbege ni pombe yetu ya ndizi. Kwetu Wachagga sale ni jani la kuombea radhi. Ukimletea mtu uliyemkosea, hawezi kukufukuza. Na masale yakipandwa mahali kwa mzunguko, ujue pale wamelala watu wa zamani, wa kabla ya makaburi ya saruji.

Nikamuuliza, "Shangazi, si wewe ndiye kiongozi wa jumuiya? Jumapili komunyo, Jumatatu mbege kwa marehemu?"

"Wewe ukifika kwa mtu unaingia mpaka chumbani bila hodi?"

"Ni injini, shangazi. Haina chumba."

"Haya, msomi. Fungua."

Florian alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu siku akifa atamuomba Mtakatifu Petro kitambulisho."

Tukafungua.

Kazi ya mwanzo ilienda vizuri. Silinda ilikuwa imechongwa upya mjini, pistoni ikaingia, nafasi ya pembeni ikasoma sawasawa.

Kitu cha kwanza kunisumbua ni sauti. Nikizungusha injini ile, ilikuwa inahema. Sitanii. Inavuta, inanyamaza, inashusha. Sababu yake naijua: pistoni inasukuma hewa, hewa inatafuta pa kutokea. Injini zote zinafanya hivyo. Ila hii ilikuwa inashusha pumzi ndefu kuliko mzunguko niliokuwa nimeupa. Mkono wangu umeshasimama, yenyewe bado inamalizia.

Nikajiambia ni ringi mpya, hewa inavuja polepole. Maelezo yanatosha.

Cha pili. Niliipandisha pistoni mpaka juu kabisa, kichwa cha injini kikiwa hakijafungwa, nikaweka saa ya kupimia kimo cha pistoni (dial gauge) ikasoma sifuri. Shangazi akatuita kula. Tulikuwa watatu tu pale nyumbani na wote watatu tulikaa jikoni tukala kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, cha moto, mbwa kalala mlangoni.

Tuliporudi bandani pistoni ilikuwa chini.

Florian akanitazama. "Umeishusha wewe?"

"Nimeishushaje na tulikuwa wote?"

Nikatoa hesabu: gurudumu la ndani ya injini lina upande mzito, uzito umelivuta. Nikaipandisha tena, nikaiacha makusudi niione ikishuka. Haikushuka. Kesho yake asubuhi niliikuta palepale juu, saa inasoma sifuri.

Hapo sina maelezo. Naendelea.

Siku ya kupima valvu, plastisini nikawa nimeisahau mjini. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya kushuka ni utelezi mtupu, hata Florian alikataa kwenda. Nikawaza kwa akili yangu ya chuo: plastisini ni nini? Ni kitu laini kisichorudi kikibonyezwa. Udongo wa mfinyanzi si unafanya kazi hiyohiyo?

Nyuma ya nyumba unapita mfongo, mfereji wetu wa kienyeji wa kumwagilia. Nikatembea kando yake nikijaribu udongo kwa vidole. Mwingi ulikuwa na changarawe. Sehemu moja tu ndiyo ilikuwa na udongo laini kama siagi, wa kijivu, hauna hata punje. Masale yalikuwa yameota pale kwa mzunguko.

Niliyaona, wakuu. Nisiseme sikuyaona. Nilichimba kwa mkono nikajaza kopo.

Udongo ukiwa na punje unaharibu kipimo, kwa hiyo niliulegeza kwa maji nikauchuja kwenye chujio la chai la shangazi. Wote. Ulipotuama nikamwaga maji, nikaukausha kando ya moto jikoni mpaka ukawa kama unga uliokandwa. Nikaukanda kwa vidole muda mrefu, nikaupaka mafuta usigande, nikautandaza juu ya pistoni. Nikafunga kichwa.

Nje ukungu ulikuwa umeingia mpaka mlangoni. Mchana, lakini tuliwasha taa.

Nikaanza kuzungusha. Injini ikavuta pumzi. Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili ulipokaribia mwisho, ikagoma.

Mnaofanya kazi hizi mnajua: udongo ukibonyezwa unakupa ukinzani laini, mkono unauhisi. Huu haukuwa huo. Ilikuwa kama mtu kashika upande wa pili wa spana.

"Sukuma bwana," Florian akasema. "Udongo umekauka huo."

"Haujakauka."

"Lete mimi."

"Usiiguse!"

Nilipiga kelele ambayo mwenyewe sikuitegemea. Nikaachia spana. Injini ikarudi nyuma kidogo yenyewe, ikashusha ile pumzi yake.

Tukafungua.

Kwenye udongo, chini kabisa ya valvu ya kutolea moshi, kulikuwa na kitu cheupe. Nikadhani ni kipande cha changarawe. Nikakipangusa kwa kidole.

Lilikuwa jino la mtu. Gego, zima, na mizizi yake. Limesimama wima kwenye udongo kama vile lilipandwa pale.

Florian alitoka nje, nikamsikia anatapika kwenye migomba.

Mimi nilibaki nimekodolea macho kopo na lile chujio la chai lililokuwa bado linaning'inia kwenye msumari. Jino halipiti kwenye chujio la chai, wakuu. Na ule udongo niliukanda kwa vidole hivihivi ninavyochapia hapa.

Shangazi alikuja bila kuitwa. Akaliangalia.

"Udongo umetoa wapi?"

"Kule mfongoni. Chini ya masale."

"Mfongo wote ule, ukaona pale tu?"

"Ndio ulikuwa laini, shangazi."

"Utakosaje kuwa laini. Ni watu."

Akanieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayenielekeza dukani. Watu wa zamani wakishazikwa, baada ya muda walifukuliwa, mafuvu yao yakahamishiwa pale kwenye masale ili wakae pamoja. Babu Aloyce yuko kwenye kaburi la saruji mbele ya nyumba. Hawa ni waliomtangulia.

"Kwa hiyo hili ni la nani?" nikauliza.

"Sijui. Si wewe ndiye unayejua kila kitu?"

Akanipa jani la sale na kibuyu cha mbege. Alisema aliyetoa ndiye anayerudisha, hakuna kutuma mtu. Nikaenda. Nikalirudisha jino na udongo wote, hata ule wa kwenye kucha nikaunawia palepale. Shangazi alisema maneno kwa Kichagga cha zamani ambacho nusu yake sikielewi. Nilijisikia mjinga. Pia niliogopa. Vyote viwili.

Kesho yake utelezi ulipungua, nikaleta plastisini kutoka mjini. Nikapima upya. Injini ilizunguka laini, na clearance ilitosha kwenye valvu zote mbili, tena kwa ziada.

"Funga basi," Florian akasema. "Kimeisha."

Kwa kitabu kilikuwa kimeisha kweli. Zile valvu zilikuwa za Babu, zilionekana nzima, nilikuwa nimezisafisha na kuziridhia. Sikuwa na mpango wa kuzitoa tena.

Ila valvu ya kutolea moshi ilikuwa imekandamiza jino. Nikawaza, isije ikawa imepinda. Kwa sababu hiyo tu nikaichomoa.

Haikuwa imepinda. Lakini nikasema nimalize kazi. Nikailoweka kwenye mafuta ya taa, nikaipangusa ikakauka, nikaipaka unga wa chaki. Hii ni njia ya zamani ya kutafuta ufa: mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kulowesha chaki.

Tukasubiri.

Shingoni mwa valvu, pale fimbo inapokutana na kichwa, ukajichora mstari mwembamba kama unywele. Ukazunguka karibu shingo nzima.

Nikaibana kwenye jiliwa nikaigonga kidogo kwa nyundo. Ikakatika kama kijiti. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa nyeusi, yaani ufa ulikuwepo miaka na miaka. Jino halikuuleta.

Florian aliokota kile kichwa cha valvu, akakigeuza kiganjani.

"Hii ingenifikisha wapi?"

"Isingemaliza hata mzunguko wa kwanza. Ingedondokea pistoni, injini ingekamata."

"Kama Babu."

Florian akachukua kibuyu mwenyewe, hakuambiwa na mtu, akaenda nyuma ya nyumba.

Tuliweka valvu mpya zote mbili. Florian alikimbia zile mbio. Hakushinda, alikuwa karibu na mwisho, na mimi niligeuka kutazama mpunga muda wote, nasikiliza mlio tu. Alirudi vumbi tupu, akateremka, neno lake la kwanza likawa kulalamika kwamba kiti kimemuumiza. Sijawahi kufurahia lawama kama ile.

Sasa nimejifunza nini?

Kwanza la kifundi. Clearance sahihi haikuambii kwamba kilicho ndani ni kizima. Nilikuwa nimepima nafasi, sikuwa nimekagua chuma. Mnaojenga injini za zamani, valvu za zamani msizionee huruma, tupeni. Na injini ikigoma mkononi, usiisukume. Fungua uone.

La pili ni lile jino, na bado linanitesa. Nimewaza kila njia: labda niliacha kopo wazi, labda kuna aliyeweka, labda chujio lilikuwa na tundu. Nililikagua chujio dhidi ya mwanga. Lilikuwa zima. Kama Shangazi ndiye aliyeweka jino, angelifikishaje ndani ya injini iliyofungwa mbele ya macho yangu? Na hata ningepata jibu la jinsi lilivyoingia, bado kuna swali la kwa nini lilikaa chini ya valvu ileile moja.

Mkiniuliza kama sasa naamini, sijui. Kubisha sijaacha. Ila udongo wa kihambani sichimbi tena bila kumuuliza mwenye nyumba, na nikiwa Kibosho kibuyu nabeba mwenyewe. Shangazi ananiangalia tu, hanisemi, na hilo linaniuma kuliko angenicheka.

Uwanja ni wenu. Mwenye maelezo ya kisayansi aje nayo, nitayapima kwa haki. Waliozaliwa kwenye vihamba vyenye masale, nyie naomba mniambie jambo moja: kuna aliyewahi kuwachukulia kitu wale watu, wao wakampa kitu badala yake?