Chai Isiyotaka Maziwa

Leo nimefungua pakiti ya oolong, chai ya Kichina, hapa nyumbani Lodwar. Maji ya moto yalipoyagusa majani, ile harufu ya maua na ya kitu kilichoungua kidogo ikanirudisha jikoni kwetu Kakuma.

Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wa nyanya, mama yake baba. Tangu wafe, alikataa chai. Strungi, chai isiyo na maziwa, alisema ni maji ya kunawia mikono, na maziwa ya pakiti hakuyataka kabisa. Asubuhi sisi tukinywa, yeye alikaa nje peke yake.

Ndipo baba akarudi kutoka Lokichar, alikokuwa akiendesha lori la wajenzi wa barabara. Wenzake Wachina walikuwa wamempa majani ya chai yaliyojikunja kama vidonge. Nyanya aliyatazama kiganjani.

"Umeniletea mavi ya mbuzi?"

"Onja tu, mama. Hii haitaki maziwa."

Baba aliyamiminia maji ya moto, akayamwaga hayo ya kwanza, akamimina mengine, akafunika. Majani yakavimba, yakafunguka. Nyanya alikunywa polepole huku sote tukimkodolea macho.

"Ejok," alisema, ni nzuri. "Ongeza."

Kufikia kikombe cha tatu alikuwa akitusimulia mbuzi wake mmoja mmoja, kwa rangi na kwa tabia, hadi yule mweusi aliyekula kofia ya padri. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi iliyofuata, nyanya alitutangulia sote jikoni, akachemsha maji mwenyewe.