Birika Iliyovalishwa Mkia

Baba yangu hakuwa mtu wa jikoni. Alikuwa Mkamba wa kizazi kile ambacho mwanamume akionekana akikoroga sufuria, majirani waliuliza kama mkewe amemtoroka. Alikuwa akichomelea mageti Kitengela, siku ambazo mji wenyewe ulikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga na vumbi tele. Chai aliijua ikiwa imeshafika mezani.

Halafu, miaka ya tisini ikielekea kuisha, mama akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulijikunja ukabaki hivyo, na wa kushoto ukawa wa kutetemeka. Alirudi kutoka hospitali na ombi moja tu: alitaka kumpikia mgeni chai na kummiminia mwenyewe. Mwenye nyumba anayeketi huku mgeni akijimiminia, alisema, ameshakufa, amebaki kufukiwa tu. Alilisema hilo akicheka. Sisi hatukucheka.

Basi baba akaingia jikoni. Kitufe cha stovu ya mafuta ya taa alikiunganisha na kipande cha chuma ili mama akisukume kwa kiwiko. Mwiko aliuzungushia tyubu ya baiskeli mpaka ukanenepa. Birika ndiyo iliyomtoa jasho. Mpini wake ulikuwa mwembamba, na tyubu ikipata joto ilikuwa ikiteleza. Siku moja mama alijimwagia chai akaungua, akalia, na najua hakulia kwa sababu ya maumivu.

Asubuhi iliyofuata alikuja yule mama wa Kimaasai aliyekuwa akituletea maziwa.

"Takwenya," alimwamkia mama kwa Kimaasai.

"Iko," mama akajibu, akificha mkono chini ya leso.

Mgeni aliuona hata hivyo. Akaishika birika, akaigeuzageuza, akamwambia baba, "Hii haitaki mpira. Inataka mkia ya ng'ombe."

Vibuyu vyake vikipasuka alikuwa akivishona kwa ngozi mbichi. Ngozi ikishakauka, hujikaza na haibanduki. Akaleta ngozi ya mkia, akamfundisha baba kuivalisha kwenye mpini ikiwa bado na maji, na kuishona. Ulipokauka, mpini ulikuwa mnene, mkavu, wenye manyoya. Mama akautazama sana.

"Baba yenu," akasema, "sasa hii nitaimimina ama nitaikamua?"

Baba alicheka mpaka akaketi chini. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena.

Mama alimimina chai kwa miaka kadhaa. Alimimina polepole mno, na wageni wetu walijifunza kunyamaza na kutomsaidia. Pasta mmoja mgeni aliinuka ampokee birika, na mama akamwambia aketi kwanza, mahubiri ni ya Jumapili.

Kiharusi cha pili hakikumrudisha.

Wakati wa matanga, wanawake wa kanisa walitushikia jiko. Nitawashukuru mpaka nife. Walipika, walichota maji, na siku ya mwisho wakafanya wanavyofanya kila palipo na msiba: walisugua kila chombo kwa majivu na waya mpaka kikang'aa, ili tusiachiwe masizi juu ya huzuni. Ngozi ya birika ilikuwa imekolea moshi na mafuta, nayo ilinuka. Waliikata kwa kisu. Niliikuta nyuma ya choo, mbwa akiitafuna.

Sikuwaambia neno. Wangejisikiaje? Lakini nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Baba alipoiona birika imeanikwa uchi juani, ikimeremeta, hakuuliza aliyefanya. Alivaa koti akaondoka kwenda kwa yule mama wa maziwa. Alirudi jioni na mkia ndani ya ndoo ya maji, akaketi kwenye kigoda cha mama, akatoa shazia, ile sindano nene ya kushonea ngozi.

"Baba," nikamwambia, "wacha tu. Sisi tunaweza kuishika ikiwa hivyo."

"Nyinyi mnaweza," alisema bila kuniangalia. "Mama yenu hawezi."

Nikaketi chini kando yake, nikaishika birika kwa mikono miwili ili apate kuvuta uzi.