Maji Yenye Harufu ya Ubani

Majuzi nilikwenda Temeke kutafuta mahali ilipokuwa nyumba yetu, sikuiona. Pamejengwa ghorofa, na mlinzi wa getini akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani kama mtu aliyekuja kuiba. Sikumlaumu. Mie mwenyewe nimelelewa na dhana mbaya juu ya watu, ndugu yangu, ngoja nikueleze.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Baba alipata kazi bandarini, akatuleta kutoka bara: mie, mdogo wangu wa kiume, na Bibi aliyetulea baada ya mama kufariki. Tulikaa nyumba ya udongo na makuti, nyuma yake mikorosho, na kila alfajiri niliamshwa na harufu ya vitumbua vya jirani, mjane wa Kipwani aliyeishi peke yake. Mdogo wangu alikuwa hakauki kwake.

Siku moja alirudi kutoka huko kinywa kikinukia moshi mtamu. Bibi alipomuuliza, akasema amekunywa maji tu. Kesho yake homa ikampanda, na siku ya tatu tukamzika. Bibi alikaa akiutazama ua uliotutenga na jirani, akasema, "Maji gani hayo yenye harufu?"

Basi amani ikatutoka. Nguo hatukuanika nje tena. Nikisukwa, Bibi aliokota kila unywele ulioanguka akauchoma. Vitumbua alivyotuletea jirani vilifukiwa shimoni, na sahani nikairudisha tupu, jambo ambalo Uswahilini ni tusi. Niliambiwa nimpite bila shikamoo, nami nikampita, Mungu anisamehe, tena kwa raha. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa rafiki yangu pekee mjini, na nilimchukia yule mama kweli kweli.

Pasaka ilipokaribia, mwalimu wa kanisa letu, mzee mpole asiyepaza sauti, akaja kumwambia Bibi kwamba hatamruhusu kushiriki Meza ya Bwana mpaka apatane na jirani. Bibi hakuwahi kuikosa Meza tangu abatizwe. Aliona amefungiwa mlango wa mbinguni. Akabisha kwamba yule hata Mkristo si Mkristo. "Mama," mwalimu akamjibu, "yule majeruhi wa njiani aliokotwa na mtu wa dini yake?" Akaongeza kwamba huwezi kumkumbatia Mungu huku umemkunjia ngumi jirani. Bibi aliyarudia maneno hayo jikoni wiki nzima, akikuna nazi kwa hasira.

Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka, akajifunga kanga, akanishika mkono twende. Akapiga hodi.

"Karibu, mwenzangu, karibu," jirani akasema, akatutandikia mkeka. Kisha akateka maji mtungini kwa kata. Harufu ilitufikia kabla ya kata yenyewe: moshi ule ule mtamu.

Aliinua kata aonje kwanza, kama ilivyokuwa desturi, ili mgeni atulie roho. Bibi akamzuia mkono. "Usionje. Nipe." Akanywa yote, macho kayafumba, nami nikajua namzika Bibi.

Jirani akaketi chini akalia. "Mjukuu wako alikuwa akiniita bibi," alisema. "Hata kumlilia hamkuniita." Baadaye akatuonyesha chetezo chake cha makaa, na jinsi anavyoufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kutia maji. Watu wa Pwani ndivyo wafanyavyo, nasi wageni hatukujua. Mdogo wangu aliuawa na homa, basi.

Bibi alikwenda Mezani. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama alikuwa ameacha kumdhania jirani ubaya alipokunywa. Akacheka. "Hata kidogo. Nilijua nakunywa sumu. Ila ningengoja dhana iishe ndipo nipende, ningekufa nangoja."

Wote wameshakwenda, pamoja na mwalimu yule. Walimu wa namna ile siwaoni tena, wa kukufuata mpaka nyumbani wakuulize umekosana na nani. Kanisani kwetu yupo mama mmoja ambaye simpi mkono tangu marehemu mume wangu alipougua baada ya kula kwake. Sijamuuliza kitu, wala sina ushahidi. Jumapili iliyopita tulikwenda Mezani, yeye nyuma yangu hatua moja, na hakuna aliyenizuia.