Walisema Bibi Nyanjige Ameua Samaki kwa Macho

Asubuhi moja samaki wote wa bwawa la uani kwa Minza walikutwa wanaelea, matumbo juu, hata mmoja hakubaki.

Na aliyeambiwa amewaua ni mama mkwe wake, bibi aliyekuwa akiwatunza kuliko mtu yeyote pale nyumbani.

Nilikuwa jirani yao Dutwa. Ua wa michongoma tu ndio ulitutenganisha, kwa hiyo hii sikuhadithiwa. Na nawaambia mapema, naisimulia kwa hasira. Miaka imepita, hasira imegoma kupita.

Ilikuwa kipindi kile soko la pamba limefunguliwa. Ushirika umebaki jengo, wanunuzi binafsi wanapishana na malori, na dawa za kupulizia pamba zinauzwa kila kibanda, zimemiminwa kwenye chupa za soda, hata jina hazina. Msimu ule Dutwa nzima ilinuka dawa. Nguo zinanuka, baiskeli zinanuka, mpaka mto wa kulalia.

Minza alikuwa mke wa Sylvester, mtoto wa mwisho wa Bibi Nyanjige. Bwawa alilichimba Minza mwenyewe nyuma ya nyumba, chini ya mpera, akalijengea kwa mawe na saruji, akafuga perege.

Sasa bwawa chini ya mpera ni kazi, msione hivi. Majani yanaanguka, manyoya ya kuku yanaanguka, nyuzi za pamba zinapeperuka kutoka kwenye malori zinatua humo humo. Ukiziacha zinazama, zinaoza, na samaki wanaanza kupanda juu kutafuta hewa.

Kazi hiyo aliichukua Nyanjige. Kila asubuhi utamkuta ameinama na chujio lake la chandarua kuukuu, anaopoa takataka. Akimaliza anachomoa kizibo cha chini, yale maji mazito yanakwenda kwenye mchicha. Kisha anaongeza maji ya kisima, ndoo kaiinua juu ya kichwa, anamimina kwa kishindo ili yaingie na hewa. Alimwambia Minza kwamba maji yakilala sana hufa, na samaki hufa nayo.

Minza alifiwa na mama akiwa mdogo. Huyu alimwita mayu, yaani mama, na alimaanisha.

Basi siku ile ya samaki kufa, wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Marcelo, mtoto wa kwanza wa Nyanjige. Tangu awe wakala wa mnunuzi mmoja wa pamba, Marcelo alikuwa hakamatiki. Akasimama pale bwawani, mikono mfukoni, akauliza watu nani anashinda na hawa samaki kutwa nzima. Akauliza tena, nani huwa anayaongelesha maji peke yake.

Watu wakaelewa. Macho yakageuka kwa bibi.

Wakaanza: ni mchawi, ni mzee, na macho yake mekundu. Mekundu! Mwanamke amepikia moshi wa mavi ya ng'ombe tangu usichana wake, ulitaka yawe ya bluu?

Nilimtazama Sylvester, nikidhani atamtetea mama yake. Akasema kaka mkubwa ameshasema. Mwanaume mzima, ndevu anazo.

Kesi ikapelekwa kwa sungusungu, kwa mkuu wao Mzee Bundala, mkutano ukapangwa. Adhabu kila mtu aliijua: kutengwa. Hakuna wa kukwambia mwangaluka asubuhi, hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukutwisha ndoo. Na atakayekusaidia naye anatengwa. Kwa bibi wa umri ule, hiyo ni kuzikwa huku unapumua.

Kilichomuumiza Minza zaidi ni kwamba mama mkwe hakujitetea. Alimsihi aseme neno, hata moja. Nyanjige akamjibu aache, yataisha.

"Yataishaje, mayu? Wanakutenga."

"Acha, ng'wanone, mwanangu," akasema, akaendelea kuchambua mchicha.

Siku ya mkutano Minza aliona atapasuka akikaa bure kusubiri saa. Pamba yake ilikuwa imeingiwa na funza. Akaenda kwa Marcelo kuchukua bomba la kupulizia, lile la mgongoni, la ukoo mzima, ambalo wiki ile lilikuwa huko. Marcelo ameshatangulia mkutanoni. Mkewe akamtolea.

Minza akafungua mfuniko aweke maji. Akasimama.

Kwenye kichujio kulikuwa na utelezi wa kijani, jani la mpera, na kitoto cha perege kimekauka.

Kila mkulima wa pamba Simiyu anajua hili hata akiwa usingizini: bomba la dawa halisogezwi kwenye maji yenye viumbe. Linajazwa shambani, kutoka kwenye pipa lake. Hili lilifanya nini bwawani? Na harufu ya bwawa siku ile, kumbe ilikuwa wazi. Ila msimu ule sote tulinuka hivyo hivyo, nani angeshtuka?

Hakulia wala hakupiga kelele. Alikiopoa kile kitoto, akalibeba bomba mgongoni, akaenda navyo mkutanoni.

Alimkuta Marcelo katikati anaeleza jinsi inavyomuuma kusema haya juu ya mama yake mzazi. Inamuuma! Minza akapita mbele bila kuomba ruhusa. Akajaza bomba maji safi ya mtungi wa mkutano, akalitikisa, akapulizia ndani ya kata mpaka ikajaa. Akapiga goti kwa heshima zote za mke wa ukoo, akamnyooshea.

"Shemeji, umesema sana. Kunywa maji."

Marcelo akatazama kata. Hakuipokea.

"Ni maji ya mtungi wetu," akasema Bundala. "Kunywa."

"Lina dawa hilo."

"Na bwawani uliliingiza la nini?" Minza akafungua kiganja, akamwonyesha kile kitoto cha samaki.

Ndipo yakamtoka Marcelo. Alitarajia wageni kutoka Mwanza, matajiri wa kampuni yake. Alitaka wakute maji yanaruka juu kama ya hoteli waliyomlaza mara moja. Minza alipokuwa shambani, akalisuuza bomba, akalijaza maji ya bwawa, akawa anayarusha juu yanarudi humo humo, anajaza tena anarusha. Alijisifu kabisa kwamba amepata njia ya kuyazungusha maji. Kesho yake samaki wamekufa.

Hapo hata mimi ningemsamehe. Ujinga si dhambi. Bundala akamuuliza jambo moja tu: kwa nini alimtupia lawama mama yake?

Marcelo akainamisha kichwa.

"Aliniona nikifanya. Nilijua hatasema."

Mkutano mzima ukageuka kwa Nyanjige. Bibi akajibu taratibu kwamba ndiyo, alimwona. Yeye ameshazeeka, mwanawe ana watoto wadogo.

Minza alimkasirikia siku ile kuliko alivyomkasirikia Marcelo. Aliniambia mwenyewe kwamba mayu alikuwa tayari kumwacha yeye yatima tena, abaki na watu wale. Hakumwonea huruma hata yeye.

Adhabu ikamgeukia Marcelo. Akatengwa yeye mpaka atakapolipa ng'ombe wa mkutano na kumwangukia mama yake.

Asubuhi iliyofuata mtu alionekana anakatiza uwanja kwenda kwa Marcelo, kashika kigae chenye makaa ya moto. Alikuwa Nyanjige.

Bundala alimwona. Sote tulimwona. Sheria ilisema naye atengwe, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuitaja. Marcelo alipokea moto, akafunga mlango, hakusema hata asante.

Ndugu zangu, ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kutafuta mgongo wa mwingine. Na usiutumie upendo wa mama yako kama pango la kujifichia.

Nyanjige alimsamehe, ni mwanawe. Marcelo bado tunakutana stendi ya Bariadi, ananyoosha mkono anitolee salamu, nami napita zangu. Mimi sikumzaa.