Kompyuta Iliyomwita Mgeni Rasmi Mwanangu

Nilitoka Masasi mwishoni mwa masika. Basi lilinasa kwenye tope la Rufiji, abiria tukashuka kulisukuma, kiatu changu kimoja kikabaki humo. Nilifika Tengeru na kandambili, katika baridi ya Juni ambayo sikuwahi kuisikia kusini. Mlima Meru niliuona baada ya wiki nzima ya ukungu.

Mwenye kituo cha kompyuta nilichokwenda kufundisha alikuwa mfanyabiashara wa mitumba. Serikali iliporuhusu biashara huria, kontena zake za nguo zikaanza kuja na kompyuta kuukuu, naye akatangaza kozi ya likizo kwa watoto. Mimi nina kidato cha nne tu. Kuandika programu nilijifunza kwenye karakana ya Kariakoo. Aliniahidi ajira ya kudumu ikiwa mahafali yangempendeza mgeni rasmi, aliyetegemewa kukipatia kituo jenereta. Nilikuwa nimechoka kuhamahama. Niliitaka ile kazi.

Alinichukia mapema. “We mtu wa korosho, wafundishe kuchapa barua. Hayo mengine nani atayanunua?” Nami nilimchukia kwa jinsi alivyowachapa watoto vidole wakigusa mashine kabla ya kunawa.

Binti wa muuza ndizi, mwepesi kuliko wote, aliandika programu ya kusalimia: inakuuliza umri, kisha inakuamkia au inakuitikia. Wenzake wakabishana, kompyuta yenyewe ina umri gani?

“Hiyo ni mtumba, ni bibi kabisa!”

Wakaipa miaka hamsini, sawa na mwenye kituo. Aliyezidi hapo angepata SHIKAMOO. Wa chini yake, MARAHABA MWANANGU. Sikuona ubaya. Wageni rasmi wote niliowahi kuwaona walikuwa na mvi.

Huyu aliyekuja siku ya mahafali alikuwa kijana wa biashara ya madini, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Programu ya binti ilipomuuliza umri, akaandika thelathini na moja. Kioo kikamwitikia. Wazazi wakaangua kicheko, mmoja akapaza sauti, “Sasa si uiamkie, bosi!”

Hakucheka. “Nimeitwa hapa kutukanwa na mashine?”

Mwenye kituo alinishika mkono. “Sema mtoto kakosea. Sasa hivi, mbele yake.”

Binti alisimama palepale, mikono mgongoni. Nikasema kwa sauti kwamba hakukosea. Mashine imefanya ilichoamriwa, na mtu mzima anayegombana na kompyuta ana lake jambo. Mgeni akaondoka na jenereta yake. Kazi yangu ikaondoka naye.

Asubuhi nilikuwa sokoni nikitafuta lori la kunitoa. Mama wa binti akaniita.

“Mwalimu, mwanangu naye kafukuzwa. Hata mlangoni asikanyage. Ungesema tu kakosea, Desemba angerudi.”

“Lakini hakukosea, mama.”

“Najua hakukosea. Kwani nani alikuuliza?”

Akanipa mgongo, akaendelea kupanga mikungu yake. Nikapanda juu ya kabichi za lori la Dodoma, na Tengeru sijakanyaga tena.