Hoteli Iliyo Karibu na Hospitali

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa ndiyo wameanza kuruhusiwa, na Bariadi ilikuwa imechangamka. Zamani pamba tuliiuza kwa ushirika, tukasubiri malipo mpaka tukasahau. Sasa malori kutoka Mwanza yalikuwa yanagombania kufika asubuhi Dutwa, kijiji cha jirani, na mume wangu akapata kazi ya kumpimia pamba mnunuzi mmoja. Mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni. Hatukuwa matajiri, ila msimu ulipofungwa tulibaki na akiba kidogo, na mume wangu akaja na wazo ambalo sijui alilitoa wapi.

"Twende Unguja," alisema. "Tukapumzike."

Nilicheka. Baadaye nikaona hatanii. Bosi wake alikuwa amemsimulia juu ya hoteli mpya zilizofunguliwa huko, zimejengwa ufukweni kabisa, ukifungua dirisha bahari hii hapa. Tulikuwa na watoto watatu, tumelima, tumepalilia, tumevuna, na hata siku moja hatukuwahi kwenda mahali bila shughuli. Nilikubali. Watoto tukawaacha kwa dada yangu.

Kabla ya kuondoka tulikwenda kijijini Zagayu kuaga. Huko ndiko alikokuwa anaishi mama mkwe wangu, kwa kaka mkubwa wa mume wangu. Nilipiga magoti nikamsalimu mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," naye akanyoosha mkono kulitafuta bega langu. Jicho lake moja lilikuwa limefunikwa na utando mweupe, na la pili lilikuwa linafuata. Sote tulisema ni uzee, tukaishia hapo.

Shemeji yangu ndiye aliyeuliza. "Unguja kuna msiba?"

"Hapana," mume wangu akajibu.

"Kuna mgonjwa?"

Nilijua mume wangu anatafuta sababu. Kwetu mtu anasafiri kwenda kuzika, kuoa, kutibiwa au kutafuta. Kusema mbele ya kaka yake, ambaye mikono yake ilikuwa bado na michubuko ya kuchuma pamba, kwamba tunakwenda tu kulala na kutazama maji, kulimshinda.

"Nampeleka huyu," alisema, akinionyesha mimi. "Macho yanamsumbua."

Niliinamisha kichwa. Wangeweza kudhani ni maumivu, kumbe ilikuwa aibu. Ningeweza kusema palepale, "Anatania huyu," tukacheka yakaisha. Sikusema.

Mama mkwe alinivuta karibu, akanishika uso kwa mikono miwili, akapitisha vidole gumba juu ya kope zangu taratibu. "Pole, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Na wewe bado kijana hivyo." Akamwamuru shemeji akamate kuku, akatuletea na fuko la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kula njiani. Tulipokuwa tunapanda baiskeli akaniita tena. "Wakikutibu ukapona, uniambie walivyofanya. Mimi yangu yameshazoea giza, lakini uniambie."

Tulipanda basi mpaka Shinyanga, kisha treni mpaka Dar es Salaam. Mume wangu alikuwa na furaha kama bwana harusi. Kila nilipotafuna kipande cha michembe nilisikia vile vidole kwenye kope zangu. Nilimwambia, "Tumemdanganya mama." Akasema, "Tumemdanganya kaka. Mama alisikia tu." Akageukia dirisha, na mimi nikajua kwamba na yeye limemkaa.

Tuliposhuka kwenye boti Unguja, tulizungukwa na vijana wanaotafutia hoteli wageni, wale wanaoitwa mapapasi. Kila mmoja alikuwa na hoteli yake mdomoni. Tulimchagua mmoja mtu mzima kidogo, kwa sababu yeye alitusalimu kwanza ndipo akatutajia vyumba.

Mume wangu alimwambia anataka hoteli ya ufukweni. Tukapelekwa. Ilikuwa nje kidogo ya mji, nyumba nyeupe yenye maua ya zambarau, na Wazungu wamejilaza kwenye vitanda vya kamba. Chumba walichotuonyesha kilikuwa na dirisha kubwa, na bahari ilikuwa palepale, karibu kuliko ua wetu wa nyuma pale Bariadi. Mume wangu alikaa kitandani, akajaribu godoro kwa mkono, akanitazama akisubiri nifurahi.

Nilimuuliza papasi, "Hospitali kubwa iko wapi?"

"Iko mjini, mama. Kuna mgonjwa?"

Mara ya pili tulikuwa tunaulizwa swali lile. "Tunataka hoteli ya katikati ya mji," nilisema. "Tuwe tunatembea kwa miguu."

"Katikati kuna kelele," mume wangu alisema.

"Kelele hazinisumbui."

Hakunibishia mbele ya mtu. Alinyanyuka, akalilainisha shuka pale alipokaa, tukatoka. Papasi alituonyesha nyumba nyingine mbili mjini. Ya kwanza walitaka cheti cha ndoa, na sisi cheti chetu tulikiacha sandukuni. Ya pili ilikuwa juu ya duka la vitambaa, kwenye kona yenye watu tangu alfajiri, na mwenye nyumba, mama mmoja wa makamo, alitutazama tu akasema, "Hawa wameoana zamani hawa," akatupa ufunguo. Kutoka pale hospitali ilikuwa ni kuvuka barabara na kupita kiwanja. Dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani. Ukitaka kuona bahari ulilazimika kupanda juu kwenye paa, na hata huko ulikiona kipande tu kati ya nyumba mbili.

Mume wangu aliweka mfuko chini. "Haya sasa," alisema. "Niambie."

Nikamwambia kwamba nataka kwenda hospitali kuuliza habari za macho ya mama, angalau lile tulilolisema liwe na ukweli kidogo. "Ungeniambia kule kule," alisema. "Nisingekikalia kile kitanda." Nikaona kwamba nilikuwa nimepunguza dhambi moja nikaongeza nyingine. Yeye ndiye aliyesimama kwenye mizani msimu mzima na vumbi la pamba kifuani, na mimi nimemleta kulala akitazama ukuta.

Asubuhi nilikwenda peke yangu. Nilikaa kwenye benchi na watu wenye macho mabovu kweli, bibi aliyeongozwa na mjukuu, mwanamume aliyefungwa bendeji. Walinipisha nikae vizuri, wakaniuliza yangu yalianza lini. Nilisema siku nyingi. Zamu yangu ilipofika, daktari alinimulika, akanisomesha herufi ukutani mpaka mstari wa chini kabisa, akaweka kitochi mezani.

"Mama, macho yako mazima kuliko yangu. Umefuata nini?"

Nikamweleza habari za mama mkwe, ule utando, na jinsi anavyotafuta bega la mtu anayemsalimia. Daktari alisikiliza. "Huo ni mtoto wa jicho," alisema. "Unatolewa. Mnatoka wapi?"

"Bariadi."

"Bariadi ile ya Shinyanga? Kwa nini asipelekwe Mwanza? Mwanza wanapasua macho kila siku."

Mwanza tulikuwa tunakwenda kununua mitumba. Basi linaondoka asubuhi, mchana umefika. Nilikuwa nimepanda treni na boti mpaka mwisho wa nchi kuambiwa jambo lililokuwa jirani yangu miaka yote.

Nilimkuta mume wangu amerudi kutoka baharini, suruali imelowa mpaka magotini. Alikuwa amekwenda peke yake. Nilipomwambia ya Mwanza alikaa kwenye ngazi za lile duka la vitambaa, watu wakawa wanampita huku na huku. Jioni alinishika mkono tukaenda wote majini, mawimbi yakanivuta nikaanguka na khanga yangu, tukacheka mpaka watu wakageuka. Nilicheka kweli. Halafu nikamkumbuka mama, anayeniombea kule Zagayu, kicheko kikanikauka kabla ya khanga.

Tuliporudi tulimpeleka mama Mwanza. Jicho moja lilipona vizuri, la pili walisema tulichelewa. Siku walipomfungua bendeji alinitazama kwa muda, akanigeuza uso huku na huku. "Wewe walikupasua lipi? Sioni kovu."

"Walimpa dawa ya matone," mume wangu alidakia.

Tangu hapo mama akawa ananisifu kila mahali. Kanisani, kisimani, kwenye harusi, aliwaambia watu kwamba mke wa mwanawe alitangulia kupeleka macho yake kwa madaktari wa mbali ili kumfungulia njia yeye. Wanawake wa Zagayu wakanipa mkono wa heshima. Nilivumilia hivyo mwaka na zaidi. Nilipotaka kumweleza mama yote, mume wangu akasema, "Ukweli huo utamfaa nini sasa?" Sikujua utamfaa nini. Nilijua tu kwamba kila akinisifu natamani kukimbia.

Nilimwambia mama siku tunachambua mchele, sisi wawili peke yetu. Nilimweleza yote, tangu neno la mume wangu mbele ya kaka yake mpaka daktari. Aliendelea kuchambua, jicho lake zima likiwa kwenye ungo.

"Kwa hiyo mlikwenda kufanya nini?"

"Kupumzika, mayu."

Alitoa jiwe, akalitupa pembeni. "Mimi nilikulilia," alisema. "Nilisema, huyu mtoto atalelea vipi watoto wake gizani. Nililia."

Hakunifukuza, wala hakumsimulia mtu, na mchele tuliupika tukala pamoja. Ila miaka yote aliyoishi baada ya hapo, nikilala na homa, alikuwa anapita mlangoni kwangu bila kuingia, anamtafuta kwanza mwanawe na kumuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli naumwa. Akithibitishiwa, ndipo anakuja kukaa karibu yangu.