Profesa Aliyenifundisha Udongo

Mpaka leo nikikutana na mtu wa Kabambare hapa sokoni Kasongo, namwangalia kwanza usoni nione kama atacheka, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe aibu yangu.

Mimi nafinyanga, nachora kwa makaa na udongo mwekundu, nasuka waya, na mara nyingi vyote vitatu vinaingia katika kazi moja. Kuchora nilijifunza kwa kunakili vibao vya maduka, waya kwa kufungua baiskeli mbovu, na udongo nilifundishwa na Mama Feza, mfinyanzi wa Wamaza, ambaye nilikaa kwake misimu miwili ya kiangazi nikimchotea maji. Basi nilipoalikwa kuonyesha kazi zangu Kabambare nikaletewa karatasi ya kujaza, na mahali palipoandikwa "Masomo" mimi, mtu ninayepima kila kitu mara mbili, nikaona haya kupaacha wazi, nikaandika: akademi ya sanaa, Kinshasa. (Kinshasa sijawahi kufika.)

Siku yenyewe mshika mikro, mwongoza shughuli, akaisoma ile karatasi, watu wakapiga makofi, nami kuinua macho, namwona Mama Feza mstari wa mbele na kitenge kipya, amekuja kwa pikipiki pamoja na dada yake, ambaye njia nzima Mama Feza alikuwa akimwambia kwamba wanakwenda kuona kazi za mwanafunzi wake. Hapo bado ningeweza kusema kweli. Mwalimu mmoja akauliza mbona mitungi yangu mikubwa haipasuki motoni, nami nikajibu kisomi kabisa kwamba profesa wetu alitufundisha kutwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuchanganya unga wake na udongo mbichi.

Yule dada akamgeukia mwenzake, wala hakupunguza sauti: "Feza, kumbe ni weye unafundishaka kule Kinshasa?"

Ukumbi ukacheka. Mama Feza hakucheka. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Mutoto wangu, huyo profesa jina lake nani?"

"Ni weye, mama," nikasema. Mshika mikro, akidhani ananiokoa, akauliza kama basi mama naye alisomea akademi, na hapo hata mgeni rasmi akaficha uso nyuma ya karatasi yake. Ikabidi nishike mikro na kueleza yote, vibao, baiskeli na maji niliyochota Wamaza.

Nilimfuata nje kumwomba radhi. Alikuwa tayari amepanda pikipiki.

"Ungeandika tu jina langu," akasema. "Miye sijui kusoma, lakini wengine wangenisomea."

Sitaandika tena shule nisiyosomea. Siku hizi mahali pa "Masomo" jina lake linatangulia, na kila karatasi mpya nampelekea Wamaza nimsomee mwenyewe. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anamwita jirani asome upya.